Majuma Manane ya Kujisalimisha: Tathmini ya Kozi ya Kuishinda Dhambi

Nimemaliza hivi karibuni kozi ya majuma manane iliyoandaliwa kwa ajili ya Wakristo wanaosali, wanaosoma Neno na kushiriki ibada bila kukosa, lakini ambao kuna dhambi moja inayowarudia kama homa ya vipindi. Kozi hiyo ina masomo 8 ya sauti yenye urefu wa dakika 40 hivi kila moja, daftari la mazoezi linalojazwa kila siku, na kikundi cha washiriki 6 wanaozungumza kwa simu mara moja kwa juma chini ya uongozi wa mwezeshaji. Sitaitaja kwa jina. Sehemu ya ninayotaka kueleza inahusu kosa lililotendeka ndani ya kikundi chetu, na kosa lenyewe nimeshalikuta mara nyingi katika mahubiri na mafundisho mengine ya aina hii, hivyo kutaja jina kungemfanya msomaji adhani kwamba ameshamjua mkosaji na kwamba yuko salama kwingineko.

Niitaje mapema dhambi niliyokwenda nayo, kwa maana tathmini ya dawa isiyotaja ugonjwa haina msaada kwa mgonjwa mwingine. Mimi ni mwongo. Sijawahi kutapeli mtu wala kutoa ushahidi wa uongo. Uongo wangu ni ule mdogo wa kujikinga. Nikiulizwa kazi imefikia wapi, husema ninaimalizia ilhali sijaigusa. Nikipigiwa simu, husema niko njiani ilhali bado natafuta viatu. Nikisimulia tukio, hulitia chumvi mpaka mimi mwenyewe nasahau lilivyokuwa. Kwa miaka mingi nilitubu kila usiku na kuahidi kila asubuhi, na sidhani kwamba nilikosa bidii. Nilikuwa na bidii nyingi na ushindi haba, na hiyo ndiyo hali ambayo kozi hii inadai kuitibu.

Somo la kwanza linahusu Warumi 7 na kilio cha mtu ambaye jema analolipenda halitendi. Mwalimu anakiri waziwazi kwamba wafasiri hawakubaliani kama Paulo anamzungumzia mtu aliye chini ya sheria kabla ya kumjua Kristo au mwamini aliyekwisha kumjua, na anataja kwamba hata Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, alibadili mawazo yake juu ya jambo hilo katika maisha yake ya ualimu. Ukweli huo ulinifurahisha, kwa sababu walimu wengi wa ushindi hulipita swali hilo mbio kana kwamba sura hiyo imeandikwa kwa watu wengine. Zaidi ya hapo, somo la kwanza ni la kufungua mlango tu na halihitaji maelezo mengi.

Somo la pili ni la kuungama, na hapa daftari linaanza kuonyesha thamani yake. Mshiriki anaagizwa aandike dhambi yake kwa jina lake la kawaida, na pembeni mwa ukurasa kuna orodha fupi ya maneno yaliyopigwa marufuku: udhaifu, changamoto, hali, mapungufu. Nilijaribu kuandika kwamba nina changamoto katika eneo la ukweli, kisha nikaisoma sentensi hiyo kwa sauti nikacheka peke yangu, kwa sababu ilikuwa uongo mwingine uliovaa suti. Mwalimu anaunganisha zoezi hilo na Zaburi 32, ambamo mwenye kunyamaza anachakaa mifupa, na pia na 1 Yohana 1:9, ambayo haisemi kwamba tukijisikitikia tutasamehewa bali tukiziungama dhambi zetu, zenyewe, moja moja, kama zilivyo. Ninaongeza tahadhari moja ambayo daftari halikuitoa. Mtu mwenye dhamiri yenye wasiwasi wa kupindukia, anayeona dhambi katika kila pumzi, asilifanye zoezi hili peke yake. Martin Luther alipokuwa mtawa alimchosha padre wake wa kitubio kwa maungamo ya saa nyingi na bado hakupata amani, na watu wa namna hiyo wapo hata leo. Wanachohitaji ni kuongozwa watoke kwenye orodha, wala si kupewa daftari jipya la kuirefusha.

Somo la tatu ndilo sababu ya kuandika tathmini hii. Kama kozi nzima ingepotea na kubaki dakika 40 hizo peke yake, ningesema imetosha. Mada yake ni Warumi 6:11, pale Paulo anapowaambia wasomaji wake wajihesabu kuwa wafu kwa dhambi na walio hai kwa Mungu katika Kristo Yesu. Mwalimu anaanza na jambo ambalo, kwa aibu yangu, sikuwahi kuliona: katika barua hiyo ndefu Paulo anaeleza, anashitaki, anathibitisha na kujibu maswali kwa sura tano na zaidi kabla ya kumwamuru msomaji wake namna ya kuishi, na amri ya kwanza anayofikia si ya kufanya bali ni ya kuhesabu. Kisha anaonyesha kwamba kitenzi hicho ni kilekile kinachorudiwa mara 11 katika sura ya 4, pale imani ya Ibrahimu ilipohesabiwa kwake kuwa haki. Biblia yetu ya Kiswahili imelitunza neno hilo katika sehemu zote mbili, kwa hiyo msomaji wetu hahitaji kujua Kigiriki ili auone uhusiano huo. Anahitaji tu kusoma polepole.

Hata hivyo, amri hiyo ilinikwama kooni. Mtu mwongo anaambiwa ajihesabu kuwa mfu kwa uongo ilhali asubuhi ileile amedanganya mara mbili. Je, huko si kumwongezea uongo wa tatu, tena mbele za Mungu? Niliandika swali hilo katika daftari, na nadhani kila mtu mkweli hulifikia, kwa sababu mafundisho mengi ya imani husikika kama zoezi la kurudia maneno mazuri mpaka yawe kweli. Jibu la mwalimu lilikuwa la kihasibu. Mhasibu haleti fedha kwa kuandika tarakimu kitabuni. Anaandika kilichokwisha kuwekwa, na asipokiandika, fedha zipo lakini nyumba nzima inaishi kama maskini. Paulo hasemi jihesabuni ili mfe. Anasema kwanza, katika mstari wa 6, kwamba utu wetu wa kale ulisulubishwa pamoja na Kristo, na katika mstari wa 10, kwamba Kristo aliifia dhambi mara moja tu. Ndipo katika mstari wa 11 anaagiza hesabu ifanyike kulingana na amana hiyo. Kujihesabu, basi, ni kukubaliana na jambo lililotendeka nje yangu, kabla yangu, ambalo halitegemei jinsi nilivyolala usiku au nilivyojibu simu asubuhi.

Nitakiri kwamba nililisikiliza somo hilo mara nne. Mara ya kwanza nilielewa hoja, na mara ya nne nilielewa kwamba toba yangu ya miaka mingi ilikuwa na kasoro katika mpangilio wake: nilikuwa nikijitahidi kuwa mtu mkweli ili Mungu anikubali kuwa wake, ilhali sura ya 6 inaanza na watu waliokwisha kuunganishwa na Kristo katika mauti na uzima, na inawataka waishi kama walivyo. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo katika karatasi, lakini katika maisha ni kama tofauti ya mtoto anayefanya kazi ili asifukuzwe nyumbani na mtoto anayefanya kazi kwa sababu yuko nyumbani.

Baada ya kilele hicho, somo la nne linaingia katika kujisalimisha, ambalo ndilo neno kuu la kozi, na hapo ninaanza kutofautiana na mwalimu. Neno kujisalimisha lina picha yake katika lugha yetu. Anayejisalimisha ni askari aliyeshindwa, aliyesalimu amri, anayeweka silaha chini na kuinua mikono, na kuanzia hapo vita si vyake tena. Mwalimu anaitumia picha hiyo kikamilifu: acha kupigana, acha kujitahidi, jiachilie, Mungu atafanya. Lakini neno la Warumi 6:13 ni kutoa, na kinachotolewa ni viungo, na viungo hivyo vinatolewa vikiwa silaha. Ulimi uliokuwa silaha ya dhuluma katika mkono wa dhambi unakabidhiwa kwa Mungu uwe silaha ya haki. Askari huyo hakwenda kuketi. Amehama kambi, na silaha ameondoka nazo. Neno hilohilo la kutoa linarudi katika Warumi 12:1, itoeni miili yenu, na hakuna mtu anayesoma sura ya 12 hadi mwisho akabaki na wazo kwamba mwenye kujitoa amepewa likizo.

Hili si suala la maneno tu, kwa sababu mshiriki anayefuata picha ya mikono juu hujikuta hana la kufanya jaribu linapokuja. Nilijaribu kwa siku tano. Nilipoulizwa kuhusu kazi ambayo sikuwa nimeianza, nilisema moyoni kwamba nimejiachilia, nikasubiri ukweli utoke wenyewe, na kilichotoka ni uongo uleule, kwa sababu ulimi usiopewa kazi mpya huendelea na kazi uliyoizoea. Siku ya sita nilisali sala tofauti, kwamba ulimi huu ni wa Mungu na sasa unasema kweli kwa amri yake, kisha nikaufungua mdomo na kusema sijaanza. Sala ilikuwa fupi na jibu langu lilikuwa fupi, lakini yote mawili yalikuwapo. Wafilipi 2:12-13 inaweka jambo hilo katika pumzi moja: utimizeni wokovu wenu, kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu. Anayeondoa nusu ya kwanza kwa ajili ya kuitukuza nusu ya pili hajaitukuza hata hiyo.

Mwalimu anajaribu kuitetea picha yake kwa sarufi ya Kigiriki. Anaeleza kwamba katika 6:13 amri ya kwanza iko katika njeo ya kuendelea, na ndiyo maana Biblia yetu inasema msiendelee kuvitoa viungo vyenu, ilhali amri ya pili, jitoeni, iko katika aoristi, njeo nyingine ya Kigiriki, na kwa hiyo, anasema, kujitoa ni tendo la mara moja lisilorudiwa. Nusu ya kwanza ya maelezo hayo ni sahihi na yana faida. Hitimisho ndilo lisilosimama, kwa sababu aoristi hulitazama tendo kama kitu kimoja kizima bila kusema litarudiwa au halitarudiwa. Katika Luka 9:23, Bwana anaamuru mfuasi ajitwike msalaba wake, na kitenzi hicho ni cha aoristi, na maneno yanayokifuata ni kila siku. Ninaamini kabisa kwamba kuna siku ambayo mtu hujitoa kwa Mungu kwa mara ya kwanza kwa moyo wote, na siku hiyo huenda asiisahau. Ninachokataa ni kuigeuza siku hiyo kuwa cheti.

Kwa msomaji anayependa kujua mafundisho haya yalikotoka, mpangilio wa kozi unafuata kwa karibu utaratibu wa mikutano ya kila mwaka iliyoanza mwaka 1875 huko Keswick, kaskazini mwa Uingereza, ambamo siku ya kwanza ilitengwa kwa ajili ya dhambi, ya pili kwa ajili ya utoshelevu wa Kristo, ya tatu kwa ajili ya kujitoa, ya nne kwa ajili ya kujazwa Roho na ya tano kwa ajili ya utumishi. Ni urithi wenye heshima na umewasaidia watu wengi. Ulipingwa pia tangu mwanzo na waliosema kwamba Maandiko yanazungumza juu ya utakaso kama mbio, kilimo na vita, na kwamba kuzifisha dhambi ni kazi ya maisha yote inayofanywa kwa Roho, kama Warumi 8:13 inavyosema. Kozi ingepata nguvu zaidi kama ingewaambia washiriki kwamba mjadala huo upo.

Somo la tano linamsimulia Augustino. Mwaka 386, huko Milano, akiwa amevunjika moyo chini ya mti bustanini, alifungua barua ya Warumi na kukutana na maneno ya 13:13-14, kuhusu kumvaa Bwana Yesu Kristo na kutouangalia mwili, na vita vyake vya miaka vikakatika. Pasaka ya mwaka uliofuata alibatizwa na Askofu Ambrosi. Mwalimu anasimulia vizuri, kwa sauti ya mtu aliyewahi kulia mahali fulani yeye mwenyewe, lakini anaishia bustanini. Augustino hakuishia hapo. Miaka zaidi ya kumi baadaye, akiwa askofu, aliandika kwa undani unaomtia msomaji haya kuhusu majaribu yaliyokuwa bado yakimwandama: ndoto, mvuto wa chakula, na zaidi ya yote kupenda kusifiwa. Kwangu nusu hiyo ya pili ndiyo yenye faraja kubwa zaidi, kwa maana inamwonyesha mtu aliyegeuzwa kweli na ambaye bado anahitaji rehema asubuhi.

Pengo hilo ndilo lililozaa tukio la juma la sita. Mshiriki mmoja, ambaye kwa majuma matatu alikuwa ametoa shuhuda za ushindi zilizotutia moyo sote, alisema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa ameanguka tena, mara mbili, katika jambo lilelile. Mwezeshaji alinyamaza kidogo, kisha akamjibu kwamba, kama ni hivyo, basi hakujisalimisha kweli, na akamtaka arudie zoezi la juma la nne. Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Nadhani aliona anasaidia. Mshiriki yule hakurudi juma lililofuata.

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu kwa sababu ni jibu lisiloweza kushindwa, na jibu la namna hiyo katika mambo ya roho ni la kuogopwa. Ukisimama, ulijisalimisha, ukianguka, hukujisalimisha, njia yenyewe haikosi kamwe, anayekosa ni wewe. Matokeo yake ni kwamba mtu anaanza kuuchunguza usalimifu wake kama zamani alivyokuwa akizichunguza juhudi zake, akijiuliza kama alijitoa asilimia mia au tisini na tisa, na imani iliyopaswa kumtazama Kristo inageuka na kujitazama yenyewe. Kujisalimisha kunakuwa tendo jipya la kujipatia kibali, tena gumu kuliko yale ya zamani, kwa sababu angalau kufunga kunaweza kuhesabiwa siku. Kozi iliyotufundisha vizuri kiasi kile katika juma la tatu kwamba amana iko nje yetu ilituambia katika juma la sita tukaitafute ndani.

Mtume Yohana alikuwa na jibu lililo bora, naye analitoa kwa sentensi mbili zinazofuatana. Katika 1 Yohana 2:1 anasema anawaandikia watoto wake ili wasitende dhambi, na mara moja anaongeza kwamba kama mtu akitenda dhambi, tunaye Mwombezi kwa Baba. Hakuipunguza sentensi ya kwanza ili ya pili ipate nafasi, wala hakuificha ya pili kwa kuogopa kwamba watu watazembea. Mwezeshaji angeweza kuyasoma maneno hayo, akamwuliza mwenzetu lililotokea, akaomba pamoja naye, na juma la saba lingetukuta sote sita.

Na hasara ni kubwa kwa sababu juma la saba lina zoezi ambalo huenda ndilo lililomfaa zaidi. Daftari linamtaka mshiriki aandike, kwa kila kuanguka, yaliyotokea katika robo saa iliyotangulia: alikuwa wapi, na nani, anaogopa nini, anataka nini. Mwalimu anatumia habari za Daudi katika 2 Samweli 11, ambapo kisa hakianzii darini bali kinaanzia kwenye taarifa kwamba wafalme walikuwa wametoka kwenda vitani na Daudi akakaa Yerusalemu. Na habari za Yusufu, aliyeacha vazi mkononi mwa mwanamke akakimbia, bila kuona haja ya kubaki ili aonyeshe imani yake. Mimi niliijaza jedwali hiyo kwa siku 12 na nikagundua jambo lililonishangaza: sikuwa napenda uongo hata kidogo. Nilikuwa naogopa nyuso. Kila uongo ulitanguliwa na sekunde moja ya kuwaza jinsi mtu fulani atakavyonikunjia uso, na ulimi uliruka kunikinga kabla sijafikiri.

Hapo imani iliacha kuwa neno la jumla. Nilichotakiwa kuamini katika sekunde ile hakikuwa kwamba Mungu yupo au kwamba dhambi ni mbaya. Hayo niliyaamini nikidanganya. Nilitakiwa kuamini kwamba nimekwisha kukubaliwa katika Kristo, na kwamba uso uliokunjwa hauwezi kuniondolea kukubaliwa huko. Kila dhambi sugu, nadhani, ina ahadi yake ya uongo, na imani inayoishinda ni ile inayoijibu ahadi hiyo yenyewe. Mwenye uchoyo anaambiwa na uchoyo kwamba kesho hatakuwa na kitu, na mwenye kinyongo anaambiwa kwamba asipolipiza hakuna atakayemtetea. Daftari halisemi hivyo waziwazi, lakini jedwali yake ilinifikisha huko, na ninaipa sifa.

Niliongeza zoezi langu ambalo ningependa waandaaji walichukue. Kila nilipodanganya, nilijilazimisha kumrudia mtu yuleyule kabla ya jua kuchwa na kusema: nilikudanganya, ukweli ni huu. Waefeso 4:25 inaamuru kuuvua uongo na kusema kweli kila mtu na jirani yake, na jirani yangu ni yule niliyemdanganya, si mtu wa kufikirika ambaye kesho nitamwambia kweli. Mara ya kwanza nilitetemeka mikono. Kufikia mara ya tano uongo ulikuwa umeanza kuwa kazi ya kuchosha, na hapo niliona jinsi neema na nidhamu zinavyoweza kulala kitanda kimoja bila kugombana.

Somo la nane ni la kuhitimisha, lina maombi marefu na ukurasa wa kutia saini wenye nafasi moja ya tarehe ya kujisalimisha. Niliuacha wazi.

Kuhusu mambo ya kiufundi, sauti ya mwalimu ni safi na mwendo wake ni wa kufuatika, ila kuna muziki wa chinichini unaopanda kila anapokaribia hoja nzito, na ningependa niachiwe mwenyewe kuamua lini niguswe. Faili ni nyepesi na zinapakuliwa bila shida. Daftari linatoa mistari minne kwa siku, ambayo inatosha kwa sala lakini haitoshi kwa ukweli. Kikundi cha watu 6 ni cha ukubwa unaofaa, lakini wawezeshaji wanahitaji mafunzo, hasa ya namna ya kumpokea aliyeanguka na ya kutunza siri. Yakobo 5:16 inatuagiza tuungame dhambi sisi kwa sisi na tuombeane, na sehemu ya pili ya agizo hilo ndiyo inayoifanya ya kwanza iwezekane. Kuna pia sentensi moja tu, mwishoni mwa somo la saba, inayowashauri wenye uraibu wamwone daktari au mshauri. Uraibu wa pombe au dawa za kulevya umeshika mwili pamoja na nia, na kumwambia mtu wa hali hiyo ajisalimishe tu, bila kumsindikiza mahali pa matibabu, ni kumwachia mzigo ambao wengine walipaswa kumsaidia kuubeba.

Ningempendekezea kozi hii Mkristo aliyechoka na nadhiri zake mwenyewe, mwenye mtu mzima wa kiroho nje ya kikundi ambaye anaweza kumwambia kila kitu, na aliye tayari kulisikiliza somo la tatu zaidi ya mara moja kabla ya kuendelea. Singempendekezea mwenye dhamiri inayojitesa, wala anayetafuta siku moja ya kumalizana na dhambi yake.

Nilimtafuta mwenzetu aliyeondoka katika juma la sita, naye alikubali tukutane. Sasa kila Jumamosi jioni tunasikiliza kipande cha somo la tatu, tunasoma Warumi 6 kisha 8, na kila mmoja anajaza jedwali ya robo saa mbele ya mwenziwe. Majuma mawili yaliyopita alianguka tena, akanipigia simu usiku uleule. Somo la nne tunalisikiliza kwa kulisimamisha na kubishana nalo. La sita tumeliruka.